Kalamu ya Risasi na Kumbukumbu ya Majengo

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wachoraji wa Kijerumani wa karne ya 19 walivyotumia penseli kuchora majengo, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa Runingu na Uvira.

Tuanze na istilahi. Kiswahili huiita penseli pia "kalamu ya risasi". Wajerumani huiita Bleistift, yaani kijiti cha risasi. Majina yote mawili yanapotosha, kwani ndani hamna risasi. Mnamo 1779 mkemia Scheele alionyesha kwamba grafiti ni kaboni. Mwaka 1795 Mfaransa Conté akabuni njia ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi na kuuoka. Kadiri udongo unavyozidi, ndivyo penseli inavyokuwa ngumu na mstari wake hafifu.

Caspar David Friedrich (1774–1840) alipenda mstari mwembamba. Mnamo 1801 alichora magofu ya nyumba ya watawa ya Eldena, karibu na Greifswald alikozaliwa. Magofu hayo yalikuwa mali ya chuo kikuu cha mji huo tangu 1634, na matofali yake yalikuwa yakichukuliwa kwa ujenzi mwingine. Friedrich alifuata kila tao na kila ufa, na michoro hiyo ikawa akiba ya picha zake za rangi. Moja ya picha hizo, yenye magofu katika theluji, iliteketea mwaka 1945. Michoro ya Eldena ingalipo. Adolph Menzel (1815–1905), kinyume chake, alitumia penseli pana ya seremala, akisugua mistari ili kupata vivuli.

Kwetu, mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa maelfu ya nyumba mjini Uvira. Nyumba ya udongo haiachi gofu. Hurudi kuwa udongo, na majina ya sehemu zake hupotea pamoja nayo. Niliwahi kumwomba mzee mmoja wa hapa anitajie sehemu za paa la zamani. Alinyamaza kwanza. Kisha akainama, akachora nyumba mchangani kwa kijiti, ndipo majina yakamjia moja baada ya jingine.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayekusanya msamiati wa ujenzi hana budi kubeba penseli pamoja na kinasa sauti. Achore nyumba ingali imesimama, aandike jina kando ya kila sehemu, na tarehe chini yake, kama alivyozoea Friedrich. Mchanga haukuitunza nyumba ya yule mzee, karatasi ingeitunza.