Mavuno ya uani Arusha: Faida huamuliwa chini ya mti

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MSOMAJI anayefika soko la Tengeru, kando ya barabara ya Moshi, siku ya Jumatano au Jumamosi atakuta marundo ya maparachichi na ndizi, na akina mama wakipanga mafungu. Asichokiona kwa urahisi ni kwamba sehemu ya bidhaa hiyo haikutoka katika shamba kubwa lenye uzio na msimamizi. Imetoka uani kwa watu: mti mmoja nyuma ya nyumba Ilboru, miwili kando ya zizi kule Akheri, mmoja kwenye mpaka wa kiwanja Moshono.

Uvunaji huu hauna kibao barabarani, hauna ofisi wala mhasibu. Hata hivyo ni shughuli ya jamii nzima, kutoka mitaa ya jiji hadi miteremko ya Mlima Meru, na unalisha masoko ya Kilombero na Tengeru.

Mparachichi katika eneo la Meru husimama pamoja na migomba na kahawa. Bei ya kahawa duniani ilipoanguka baada ya Makubaliano ya Kimataifa ya Kahawa kuvunjika mwaka 1989, familia nyingi za mlimani zilianza kutazama ndizi, maziwa na matunda kama fedha, si chakula cha nyumbani peke yake.

Watu watatu

Wa kwanza ni mwenye mti. Huyu ana mali, lakini mara nyingi ana haraka. Ada au dawa zikihitajika, huuza matunda ya mti mzima yakiwa bado juu, kwa bei ya kukadiria kwa macho. Hakuna anayehesabu wala kupima. Mnunuzi mzoefu anajua mti una debe ngapi. Mwenye mti anajua shida yake tu.

Wa pili ni mchumaji. Kwa kawaida ni kijana asiye na kazi ya kudumu, mwenye kamba, gunia na upembo. Hulipwa kwa mti, kwa debe, au kwa matunda. Mti mzee wa parachichi ni mrefu na tawi lake huvunjika bila taarifa. Akianguka, hana bima, na mapatano ya mdomo hayasemi nani atalipa hospitali.

Wa tatu ni mama mchuuzi, na mtaji wa shughuli hii kwa sehemu kubwa ni wake. Anatoa fedha ya mwenye mti, ujira wa mchumaji na nauli ya guta au hiace, mara nyingi kwa mkopo wa VICOBA au zamu yake ya mchezo. Tunda likioza, hasara ni yake peke yake.

Hesabu ya mti mmoja

Tuchukulie mfano. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu, si bei za soko za wiki hii. Mama amenunua mti wenye matunda 600 kwa sh. 30,000, akamlipa mchumaji sh. 12,000 na msafirishaji sh. 6,000. Jumla ni sh. 48,000, yaani kila tunda limemgharimu sh. 80. Akiuza yote kwa sh. 150, anapata sh. 90,000, na faida ni sh. 42,000.

Sasa mchumaji atikise matawi ili amalize upesi, na matunda 120 yapasuke au yachubuke. Yanabaki 480, na gharama ya kila moja inapanda hadi sh. 100. Mauzo yanakuwa sh. 72,000 na faida sh. 24,000. Imepotea sehemu moja ya tano ya mavuno, lakini faida imeshuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2019 kwamba kama asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Uani sehemu ya hasara hiyo huanzia hapo hapo chini ya mti, na dawa yake ni rahisi: upembo wenye mfuko mdomoni ili tunda lisidondoke, kikonyo kifupi kiachwe ili uozo usiingie, na mzigo usirundikwe juani.

Tunda changa

Tatizo jingine ni kuwahi. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa juu na kuiva baada ya kuchumwa. Lililochumwa changa hukunjamana na kubaki gumu kama mpira. Mnunuzi aliyeuziwa mara moja haridhiki kurudi. Njia rahisi ya kupima ni kupasua tunda moja: ganda la kokwa likiwa bado jeupe na nene, subiri, likiwa la kahawia na jembamba, limekomaa.

Hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2022 Tanzania na China zilitia saini masharti ya kuingiza parachichi la Tanzania katika soko la China. Soko la nje linataka zaidi aina ya Hass kutoka mashamba yanayokaguliwa, na miti mingi ya uani ni ya mbegu za kienyeji. Lakini mnunuzi wa Kilombero naye anajifunza kuchagua.

Wenzetu wanagawanaje?

Mjini Toronto, Kanada, mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa Not Far From The Tree. Watu wa kujitolea walichuma matunda ya uani ambayo yangeoza, na mavuno yakagawanywa mafungu matatu: mwenye mti, wachumaji, na vituo vinavyogawa chakula kwa wenye shida. Arusha si Toronto. Hapa mchumaji anatafuta mkate wake, hajitolei. Kinachofaa kuigwa ni kwamba mgawo ulijulikana kabla mtu hajapanda.

Hapa kwetu mambo manne yanawezekana bila kusubiri mfadhili. Kwanza, mapatano yaandikwe, hata kwenye daftari la shule: bei, siku ya kuchuma, na nani anabeba gharama ya ajali. Pili, mwenye mti auze kwa debe au kwa kilo siku ya kuchuma, badala ya kuuza kwa macho miezi miwili kabla. Gunia la lumbesa linapigwa vita kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Hakuna sababu ya kuvumilia lumbesa ya mtini.

Tatu, matunda yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, huzaliana katika maembe na mapera yanayoachwa kuoza.

Nne, wachumaji na akina mama wajisajili kama vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenye ngazi imara, kamba na kreti za plastiki kitapata faida ambayo mtu mmoja mmoja anaimwaga chini.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mchumaji wa Arusha anachumia juani kila msimu. Ili kivuli kimfikie yeye na mama anayemngoja chini na gunia, hesabu ifanywe kabla ya kamba kufungwa kiunoni.