Bomba la Kufukia: Lipi Lifaalo Ndera?

Mwenye nyumba wa Ndera atakaye kubadili bomba la maji lililochakaa chini ya ardhi, yafaa kwanza aufikirie udongo wake. Udongo mzito wa kando ya Mto Tana huvimba wakati wa mafuriko, kama yale ya mwaka 2018 na 2024, na hupasuka wakati wa kiangazi. Bomba huvutwa huku na huku, na viungo vyake hulegea.

Bomba la chuma ni imara, lakini huliwa na kutu katika udongo wenye unyevu na chumvi. Bomba la plastiki ngumu halishiki kutu, lakini laweza kuvunjika ardhi isogeapo. Bomba jeusi la plastiki laini, liuzwalo likiwa limeviringishwa, hupindika bila ya kuvunjika, na viungo vyake ni vichache. Kwa hiyo ndilo lifaalo zaidi. Nunueni lililotengenezwa kwa maji ya kunywa, mkalifukie futi 2 lisikatwe na jembe.

Jambo hili si dogo. Maji yakatikapo bombani, maji machafu ya mafuriko huweza kupenya penye ufa, yakaleta kipindupindu nyumbani.