Filamu ya Sida Kalemie: kazi inaanza picha ikiisha

Mama mjamzito akifika kliniki Kalemie, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hupimwa damu, na virusi vya Ukimwi ni miongoni mwa yanayotafutwa. Utaratibu huu unaokoa maisha, kwani akianza dawa mapema mtoto wake ana nafasi kubwa ya kukua bila virusi. Tatizo ni kwamba mume mara nyingi hajapimwa popote. Basi mke anatangulia kujua hali yake, na anayetangulia kujua ndiye anayeambiwa ameuleta ugonjwa. Mashemeji wanaitana kikao, na mama anaweza kujikuta akirudishwa kwao, mtoto mgongoni.

Kumfundisha mtu njia za maambukizi hakuondoi lawama ya namna hiyo. Wakongo wamekuwa wakisikia habari za Sida, yaani Ukimwi, tangu mwanamuziki Franco alipoiimba mwaka 1987, na wengi wanazitaja njia hizo bila kukosea. Hata hivyo, wanaendelea kumtazama mgonjwa kama mtu aliyejitakia, na mwanamke kama mlango ulioingiza balaa. Filamu za kutisha, zenye mwili uliokonda na jeneza mwishoni, zimeongeza ubaya huo. Mtazamaji anatoka na hofu, halafu anaielekeza kwa jirani yake.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano bora, ingawa ulikuwa wa redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, anaishia kuugua Ukimwi. Mkewe Tunu anajifunza kusimama mwenyewe. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, hivyo watafiti waliweza kulinganisha. Waliona mabadiliko ya tabia pale uliposikika, na waligundua pia kuwa mchezo uliwafanya watu wazungumze: mke na mume, rafiki na rafiki. Naamini siri iko hapo. Ni rahisi kumjadili Mkwaju kuliko kumjadili shemeji yako aliyeketi mbele yako.

Kongo ya mashariki nayo ina uzoefu wake. Fighting the Silence, filamu ya mwaka 2007 kuhusu wanawake waliobakwa na waume waliowakataa au kuwapokea tena, ilizungushwa vijijini kwa sinema ya kuhamahama, na picha ikiisha watazamaji walikaa wakajadiliana. Nataka Sida ipewe nafasi kama hiyo Kalemie, kwa filamu yake yenyewe.

Filamu ya Kalemie izungumze Kiswahili cha Kalemie, Kifaransa kibaki ofisini. Imwoneshe mume akienda kupimwa pamoja na mkewe. Imwoneshe mtu anayemeza dawa zake kila siku, anavua, anauza, anazaa. Na iseme wazi jambo ambalo utafiti umeshalithibitisha: anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Baada ya hapo wanawake wapewe nafasi ya kuongea peke yao, kwa sababu mbele ya wakwe wengi watanyamaza. Asilazimishwe mtu yeyote kutaja hali yake.

Kuhusu wanaume wanaolala na wanaume, nashauri tahadhari zaidi. Sheria ya jinai ya Kongo haiwataji, lakini hofu ya kutambuliwa inawaweka mbali na vipimo na dawa. Hata filamu yenyewe inaweza kuzuiwa: Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki, kisa cha wasichana wawili wanaopendana, mwaka 2018. Na kuonesha filamu ya aina hiyo kwenye uwanja wa wazi kunaweza kumweka mtu hatarini usiku huohuo. Chumba kidogo chenye wauguzi na viongozi wa dini walioandaliwa kinafaa zaidi kwa kuanzia.

Sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kumbagua mwenye virusi na inalinda siri ya majibu yake, lakini sheria peke yake haitoshi. Wanaotoa fedha za filamu hizi wasizimalize kwenye kamera na jenereta: walipe pia muuguzi na mwongoza mazungumzo wabaki mtaani baada ya gari la sinema kuondoka, maana mama anayerudishwa kwao atahitaji mtu wa kumwendea kesho yake.