Dizeli isiyopata joto Ufipa: Je, themostati ya pili kwenye mpira wa rejeta inasaidia?

Asubuhi ya Juni au Julai mjini Sumbawanga, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Mbizi, ni kawaida kuona pikapu ya dizeli ikinguruma muda mrefu bila kuondoka. Moshi mweupe unatoka nyuma, mshale wa joto umelala chini, na dereva anafuta ukungu kwenye kioo kwa kitambaa. Wengi husema hiyo ni baridi ya Ufipa tu. Lakini mara nyingi baridi inasingiziwa. Kinachosumbua ni themostati iliyokwama ikiwa wazi, au iliyotolewa na fundi miaka mingi iliyopita na haikurudishwa.

Katika makala haya tunaeleza kazi ya kifaa hicho kidogo, na njia ambayo baadhi ya mafundi huitumia pale kile cha asili kinaposhindikana kubadilishwa: kufunga themostati ya ziada katikati ya mpira wa juu wa rejeta.

Mlango unaojifungua wenyewe

Themostati ni mlango wa maji. Ndani yake kuna kikopo chenye nta. Injini ikiwa ya baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini bila kwenda kwenye rejeta. Maji yakifika joto lililoandikwa juu ya kifaa, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma mlango. Maji ya moto huenda kupoa kwenye rejeta. Yakipoa mno, mlango hujifunga tena.

Injini ya dizeli inauhitaji mlango huu sana. Haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Isitoshe, ikiwa haina mzigo, au ikishuka mlima bila kukanyagwa mafuta, hutoa joto dogo mno. Kutoka uwanda wa Ufipa, ambao Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara za kwenda bonde la Ziwa Rukwa au bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika hushuka karibu mita 1,000. Gari lisilo na themostati huweza kupoa njia nzima ya kushuka.

"Toa tu, huku ni Afrika"

Maneno hayo yamezoeleka katika gereji nyingi. Gari likichemsha, themostati hutupwa. Tatizo halisi, kama rejeta iliyoziba, feni dhaifu au pampu ya maji iliyochoka, hubaki palepale.

Gharama yake huja polepole. Mafuta yasiyoungua vizuri huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Unyevu hubaki kwenye oili kwa kuwa haipati joto la kuukausha. Silinda na ringi hulika mapema, na gari hunywa dizeli zaidi. Kwa mtu anayelisha familia kwa kubeba mahindi na maharage, hiyo ni hasara ya kila siku.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wengi hawalitarajii. Katika baadhi ya injini, themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari hilo litakuwa baridi tambarare, kisha lichemshe likipandisha mzigo kutoka bondeni.

Ya ziada inafaa lini?

Jibu la kwanza ni kubadilisha ile ya asili. Ya ziada ifikiriwe pale ambapo ya asili imejengwa pamoja na kasha lake na spea haipatikani, au boliti zimeshika kutu kiasi kwamba kuzifungua kutavunja kipande ghali zaidi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ile ya zamani imekwama ikiwa wazi. Washa injini asubuhi na ushike mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni na mikanda. Ukianza kupata uvuguvugu mapema, sambamba na injini, maji yanapita kabla ya wakati. Kama ya asili imekwama ikiwa imefungwa, ya pili haitasaidia kitu. Maji hayatapita na gari litachemsha.

Namna ya kuifunga

Kasha la themostati ya kati lina midomo miwili. Pima kipenyo cha ndani cha mpira na uchague kasha la ukubwa huohuo. Joto la kufunguka lisizidi lile lililowekwa na mtengenezaji wa injini.

Injini ikiwa imepoa kabisa, kinga maji, kisha kata mpira wa juu karibu na injini. Upande wenye kikopo cha nta uelekee injini, ili uguswe na maji ya moto. Ukigeuzwa, utasubiri joto lisilofika. Kwa sababu hiyohiyo, kasha hili halifungwi kwenye mpira wa chini, ambao huleta maji yaliyopoa kutoka kwenye rejeta.

Lazima pia kuwe na tundu dogo kwenye sahani ya themostati, la milimita 3 hivi, na likae upande wa juu. Hupitisha hewa wakati wa kujaza maji, na huleta maji kidogo ya moto kuiamsha nta. Kama halipo, litobolewe kwa keekee.

Sasa jambo la hatari. Themostati ya pili ikiwa imefungwa, maji lazima yawe na njia nyingine ya kuzunguka. Ya asili iliyokwama wazi huenda imeziba njia ya mkato, hivyo njia inayobaki ni mipira ya hita. Magari mengi ya mtumba hita zake zimezibwa baada ya kuvuja. Kama lako ni mojawapo, usifunge themostati ya pili mpaka njia hiyo irudishwe na ibaki wazi. Vinginevyo joto litakusanyika kwenye silinda hedi kabla nta haijapata habari, na gasketi itaungua.

Sufuria na mfuniko

Wengi hupima themostati kwenye sufuria ya maji ya moto. Ni njia nzuri, lakini Ufipa ina kanuni yake. Kwa mwinuko wa Sumbawanga, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Themostati ya nyuzi 88 huanza kufunguka hapo, lakini kufunguka kabisa huhitaji nyuzi 10 au zaidi juu yake. Ukiiona imefunguka nusu tu, usiitupe. Sufuria yako ndiyo imefika mwisho.

Hapo ndipo umuhimu wa mfuniko wa rejeta unapoonekana. Mfuniko mzima hubana maji yasichemke mapema. Uliochoka huacha nafasi ndogo sana kati ya joto la kazi na kuchemka. Ubadilishe, na utumie kulanti badala ya maji matupu, kwani kutu ndiyo inayokwamisha themostati nyingi. Usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Baada ya kazi, jaza taratibu pua ya gari ikiwa imeinuliwa na hita imefunguliwa, hewa itoke. Mpira upande wa rejeta ukae baridi mpaka injini ipate joto, kisha upate moto kwa haraka. Halafu jaribu mlima bila mzigo, jicho likiwa kwenye mshale. Ukipanda na kutulia, ukibaki hapo kwenye kupanda na kushuka, mlango unafanya kazi. Ukiendelea kupanda, simama, zima gari, na utafute kilichoziba kabla ya kupakia gunia hata moja.