Mfanyabiashara wa mpakani, panga akiba kwa safari, si kwa mwezi

Januari ni mwezi wa maazimio. Redioni na kwenye makundi ya WhatsApp ushauri ni ule ule: weka asilimia fulani ya mshahara, lipa madeni, punguza matumizi. Ushauri si mbaya, ila umetungwa kwa mtu anayejua mshahara wake utaingia lini. Anayepitisha vitunguu Namanga, ndizi Busia au mchele Rusumo hana tarehe hiyo. Ana safari. Mwezi huu anavuka mara nne. Mwezi ujao mvua imekata barabara, au mteja wa upande wa pili hajalipa, na anavuka mara moja tu.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ana mtaji wa Sh2 milioni za Tanzania. Safari ya kawaida ya vitunguu, baada ya kutoa usafiri, makuli, ushuru wa soko na chakula cha njiani, inamwachia Sh180,000. Akiazimia kuweka Sh200,000 kila mwezi, mwezi wa safari tatu atatimiza. Mwezi wa safari moja atachota kwenye mtaji ili asivunje ahadi, au ataacha kabisa, na kwa kawaida huacha. Akiazimia Sh30,000 kwa kila safari yenye faida, safari 24 kwa mwaka zitampa Sh720,000. Mwaka mbaya wa safari 15 utampa Sh450,000. Safari ya hasara haidaiwi kitu, na hilo liandikwe kabisa kwenye azimio, maana akiba ikishageuka deni mtu hukata tamaa mapema.

Idadi ya safari za mwaka jana usiikadirie kichwani. Kichwa hukumbuka miezi mizuri. Hesabu mihuri kwenye pasi au vibali vya muda, kusanya vyeti vya mizigo, pitia ujumbe wa malipo kwenye simu, kisha andika mwezi uliovuka mara chache kuliko yote. Azimio linalobebeka hata mwezi ule ndilo la kuanza nalo.

Ile Sh180,000 inaweza kugawanywa hivi: Sh100,000 nyumbani, Sh50,000 kwenye mtaji, Sh30,000 akiba. Kila mmoja atapanga viwango vyake. Wengi hawana mgawanyo wowote: pesa yote imekaa kwenye laini moja ya simu, na mtoto akiugua usiku kinachotoka ni mzigo wa wiki ijayo. Laini ya pili kwa ajili ya mtaji peke yake inatosha kuanzia. Upatu, chama, ikimina au likelemba navyo vinasaidia, mradi siku ya kuchanga iendane na siku ya soko lenu.

Kuna jambo ambalo washauri wa fedha wa mijini hawaligusi, nalo ni akiba ya mtu wa mpakani inakaa kwa fedha ipi. Januari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, wakati shilingi ya Tanzania ilikuwa ikidhoofika. Mtanzania anayenunua bidhaa Kenya, aliyekuwa ameweka Sh1 milioni, Januari angepata zaidi ya Sh60,000 za Kenya. Miezi michache baadaye, milioni ile ile ilimpa kama Sh50,000. Hakutumia hata senti, lakini mtaji wake ulipungua. Aliyekuwa akiuza Kenya na kurudi na shilingi za huko, yeye alicheka.

Kwa hiyo pesa ya nyumbani iwe kwa fedha ya nyumbani, na pesa ya mzigo ujao isikae muda mrefu mbali na fedha ya mahali unaponunulia. Mtaji uhesabu kwa magunia: Januari ulikuwa unatosha magunia mangapi, na leo mangapi? Tusiisubiri sarafu moja ya Afrika Mashariki ituondolee kazi hii. Itifaki yake ilisainiwa Kampala Novemba 2013, lengo likawa 2024, sasa linatajwa 2031.

Halafu kuna mpaka wenyewe. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti, lakini aliyekuwa na lori foleni alishaingia gharama. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Hakuna mfanyabiashara aliyeulizwa. Ndiyo maana lengo la kwanza la akiba liwe matumizi ya nyumbani ya mwezi mmoja bila safari hata moja. Ukilifikia, anza kukusanya thamani ya mzigo mmoja.

Kuhusu mikopo ya simu na ile inayoitwa kausha damu, azimio ni fupi: usikope kwa riba ya wiki ili kununua mzigo ambao mteja hulipa baada ya mwezi.

Njia za panya nazo ni suala la fedha. Mzigo wa asili ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine zinaweza kuwapo. Anayepita porini kukwepa ushuru ambao huenda hadaiwi anahatarisha mtaji wote. Wa Tunduma wakumbuke kwamba Zambia haimo katika jumuiya hii, na cheti hicho hakifanyi kazi huko.

Kalenda nayo iangaliwe. Kenya na Tanzania shule hufunguliwa Januari, na wateja hununua kidogo kwa kuwa fedha imeishia kwenye sare na madaftari. Rwanda, Burundi na Kongo mwaka wa shule huanza Septemba, hivyo anayeuza huko ategemee mdororo huo wakati huo. Wewe mwenye watoto Tanzania na wateja Bukavu una misimu miwili ya ukata.

Na kwa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, siku ambayo viwango vipya vya ushuru kwa kawaida huanza kutumika. Wiki hiyo rudi kwenye daftari, hesabu tena faida ya safari moja, na kama Sh30,000 imekuwa nzito, andika 20,000.