Simu Haiwezi Kupapasa Tumbo

Ndugu msomaji, wengi wetu tunao watoto au ndugu walioko Uingereza kwa masomo au kwa kazi. Wanapopiga simu nyumbani hueleza mengi, na mojawapo ya malalamiko yao siku hizi ni ugumu wa kumwona daktari. Mgonjwa hupiga simu zahanati saa 2 kamili asubuhi, simu zinapofunguliwa, pamoja na wagonjwa wengine wa mtaa mzima. Husubiri muda mrefu akisikiliza muziki. Anapopokelewa huambiwa nafasi zimekwisha, au kwamba daktari atampigia baadaye. Daktari hupiga mchana, mgonjwa akiwa kazini. Huzungumza dakika chache, dawa huandikwa, na mambo huishia hapo. Mgonjwa hubaki akijiuliza: je, nimetibiwa, au nimesikilizwa tu?

Swali hilo linatuhusu na sisi. Simu imefika mpaka vijijini, na matibabu kwa simu yamekwisha kufika Afrika Mashariki. Yafaa kila familia ijue mapema simu inaweza kufanya nini, haiwezi kufanya nini, na mgonjwa aseme nini ili aonwe kwa macho.

MAMBO YALIVYOANZA

Nchini Uingereza kila mkazi hujiandikisha kwa daktari wa familia. Huduma ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948, nayo hulipiwa kwa kodi, kwa hiyo mgonjwa halipi chochote kumwona daktari huyo. Tena daktari huyo ndiye mlango wa huduma nyingine: bila barua yake, si rahisi kumfikia bingwa wa hospitali. Mlango huo ukiwa mgumu kufunguka, vyumba vyote vya ndani huwa mbali.

Kabla ya mwaka 2020, katika England, karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walikutana na daktari au muuguzi ana kwa ana. Mwezi Machi 2020 ulipoingia ugonjwa wa Uviko-19, zahanati ziliagizwa kuwachuja wagonjwa kwanza kwa simu au kwa mtandao. Ilikuwa hatua ya busara, maana chumba cha kusubiri kingeweza kueneza ugonjwa. Mwezi Aprili wale walioonwa ana kwa ana walishuka chini ya nusu. Lakini tarehe 30 Julai 2020 Waziri wa Afya wa wakati ule, Matt Hancock, alisema kwamba tangu hapo mazungumzo ya daktari na mgonjwa yafanyike kwa simu au kwa video, isipokuwa iwepo sababu nzito ya kitabibu. Hapo hatua ya dharura ilianza kugeuka kuwa desturi.

Watu walilalamika. Mwezi Mei 2021 wakuu wa huduma ya afya waliziandikia zahanati zote kwamba mgonjwa anayependa kuonwa ana kwa ana asikilizwe. Idadi ya wanaoonwa imepanda tena hadi karibu theluthi mbili. Hata hivyo, kwa wengi simu imebaki kuwa mlango wa kwanza. Sababu moja ni uhaba: ukihesabu saa zao za kazi, madaktari wa familia waliohitimu walikuwa wachache mwaka 2023 kuliko mwaka 2015, huku wagonjwa wakizidi kuongezeka.

SIMU INA FAIDA ZAKE

Tusiihukumu simu bila kuipa haki yake. Mwaka 1879 jarida la madaktari la The Lancet lilisimulia habari za daktari aliyepigiwa simu usiku kwa ajili ya mtoto aliyedhaniwa kuwa na ugonjwa wa koo unaoziba pumzi. Daktari aliomba mtoto aletwe karibu na simu, akamsikia akikohoa, akawatuliza wazazi kwamba siyo ugonjwa ule. Tangu zamani, basi, simu imewaokoa watu na safari zisizo za lazima.

Hata leo simu yafaa kwa kupokea majibu ya vipimo, kwa kuuliza kama dawa mbili zaweza kunywewa pamoja, au kwa mgonjwa wa siku nyingi ambaye hali yake haijabadilika. Mzee mwenye fimbo haangaiki na basi. Mama anayelipwa kwa siku hapotezi kibarua chake.

YALE AMBAYO SIMU HAIWEZI

Daktari hutumia macho, masikio, mikono, hata pua. Mgonjwa anapoingia mlangoni, uchunguzi umekwisha kuanza: anatembeaje, anapumuaje, uso wake umepauka, nguo zimempwaya kwa kukonda. Kwa simu yote haya hayapo, isipokuwa mgonjwa ayataje. Na mgonjwa hawezi kutaja asilolijua.

Fikiria maumivu ya tumbo. Kwa simu, kidole tumbo na gesi vyaweza kusimuliwa kwa maneno yaleyale. Lakini mkono wa daktari ukibonyeza tumbo upande wa chini kulia, kisha ukaachia ghafla, mgonjwa huruka. Tumbo limejieleza lenyewe.

Fikiria shinikizo la damu. Mara nyingi haliumi. Mama mjamzito aweza kusema kwa simu, "Sijambo, daktari," kumbe presha yake imepanda na mkojo wake una protini. Hapo kinachosema kweli ni mashine ya kupimia na kile kikaratasi cha kupima mkojo.

Fikiria homa. Hakuna daktari awezaye kutofautisha malaria na nimonia kwa kusikia sauti tu. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa.

Kuna na jambo la siri. Wahudumu wa afya wanajua vizuri kwamba mgonjwa aweza kueleza kikohozi kwa dakika kumi, kisha akiwa anaondoka, mkono u kwenye kitasa, akasema: "Daktari, kuna kijambo kingine." Hicho kijambo ndicho kilichomleta. Kwa simu kitasa hakipo. Na mama anayepigwa nyumbani atasemaje kwa simu, naye mume ameketi kando yake?

UTAFITI WASEMAJE?

Mwaka 2023 watafiti, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Oxford, walichapisha uchambuzi wa matukio 95 ambapo usalama wa mgonjwa uliingia hatarini, au ungeweza kuingia, katika huduma ya mbali. Walikuta kwamba madhara makubwa hutokea mara chache. Lakini yalipotokea, mara nyingi ugonjwa mzito ulikosa kutambuliwa, au mgonjwa alichelewa kupelekwa mbele. Walionya hasa kuhusu maumivu ya kifua na ya tumbo, watoto wadogo walio wagonjwa sana, wenye magonjwa mengi kwa pamoja, wasiopata nafuu baada ya dawa ya kwanza, na wasioijua vema lugha ya daktari.

Wengine husema simu hupunguza kazi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika zahanati 42 za England, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 20,000. Waliopigiwa kwanza na daktari walirudi kutafuta msaada mara nyingi zaidi katika siku 28 zilizofuata: jumla ya mawasiliano yao na zahanati ilizidi kwa asilimia 33. Walioanza na muuguzi, ilizidi kwa asilimia 48. Kazi ilikuwa imesogezwa mbele tu.

MFANO WA RWANDA

Jirani zetu wa Rwanda walianza matibabu ya simu mwaka 2016 kwa huduma iliyoitwa Babyl. Hata mwenye simu ndogo ya kawaida aliweza kuzungumza na muuguzi au daktari, kisha akapata kwa ujumbe namba ya kwenda nayo kwenye duka la dawa au maabara. Waliojiandikisha walipita milioni 2. Jambo la hekima ni kwamba simu iliunganishwa na maabara: penye haja ya kipimo, mgonjwa alikwenda kupimwa. Lakini mwaka 2023 kampuni mama iliyokuwa London ilianguka, na huduma ya Rwanda ikakoma. Hivyo simu isifanywe sababu ya kufunga zahanati. Kampuni yaweza kuondoka; homa ya usiku haiondoki nayo.

Hapa Tanzania tunao mfano wa simu inayomfikisha mgonjwa kwa daktari. Katika mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, familia hupiga 115 bila malipo. Mhudumu huuliza dalili, kisha hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa endapo gari hilo halipo. Simu kama hiyo inafupisha njia ya kwenda hospitali. Iwe kipimo chetu kwa simu nyingine zote za matibabu.

USINGOJE SIMU: NENDA

Usikae nyumbani ukisubiri kupigiwa ukiona mojawapo ya haya:

1. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

2. Mtoto anapumua haraka. Mhesabu dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia, bila kulia. Ni haraka ikiwa pumzi ni 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, nenda mara moja.

3. Mjamzito anatoka damu, anaumwa kichwa sana, anaona maruweruwe, amevimba uso na mikono, au mtoto amepunguza kucheza tumboni.

4. Mtu mzima ana maumivu ya kifua yanayobana, mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umekufa ganzi ghafla, au maneno hayatoki vizuri.

5. Tumbo linauma bila kuachia na limekuwa gumu.

UKIWA LAZIMA UTUMIE SIMU

Jitayarishe kabla ya kupiga. Andika kwenye karatasi: ugonjwa ulianza lini, unazidi au unapungua, dawa ulizokwisha kunywa, magonjwa ya zamani, na dawa zinazokudhuru. Kama una kipimajoto au mashine ya presha, pima uandike. Kaa mahali pa faragha. Mzee asiyesikia vizuri asaidiwe na mtu anayemwamini.

Anza na lile linalokutia hofu kuliko yote. Usiliweke mwisho.

Ukiona simu haitoshi, sema waziwazi, kwa adabu, bila kuogopa: "Daktari, naomba unione. Hali hii siwezi kuieleza kwa simu." Akikataa, muulize: "Ni dalili gani zikitokea nije mara moja, na nisipopata nafuu nije baada ya siku ngapi?" Andika jibu lake pamoja na jina lake. Ukipiga mara ya pili kwa tatizo lilelile, taja kwamba ni mara ya pili; hiyo peke yake ni sababu ya kuonwa.

KWA NDUGU WALIOKO ENGLAND

Mpelekeeni ndugu yenu habari hizi. Kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji karatasi za uhamiaji. Tangu mwaka 2023 mkataba wa zahanati unataka mgonjwa aelekezwe la kufanya anapowasiliana mara ya kwanza, asiambiwe tu apige tena kesho. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 zahanati zinatakiwa kupokea maombi yasiyo ya haraka kwa mtandao kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 na nusu jioni, siku za kazi, hivyo si lazima kugombania simu ya asubuhi. Asiyejua Kiingereza vizuri aombe mkalimani wa Kiswahili, halipii. Mtoto mdogo asifanywe mkalimani wa mama yake. Kwa hatari ya maisha ni 999. Kwa ushauri wa haraka saa zote ni 111.

Kwa wauguzi na madaktari wasomao ukurasa huu tunaomba neno moja: mgonjwa anaposema "naomba unione", mara nyingi mwili wake umejua jambo ambalo kinywa hakijapata maneno yake. Mpeni nafasi.

Nawe, ndugu msomaji, kata hesabu ile ya pumzi za watoto uibandike ukutani, mahali ambapo hata yaya wa nyumba ataiona. Siku mtoto atakapoumwa usiku, hutakuwa na muda wa kutafuta gazeti.