Vyombo vya Kuupimia Mbuni Kiu: Kipi Kinaifaa Manyovu? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulifuata safari ya maji kutoka mzizini hadi kwenye jani la mbuni. Leo tuvitazame vyombo vinavyoyapima maji hayo, tukianzia na swali lenyewe. Chombo kinachonunuliwa kabla ya swali kujulikana huishia kabatini.

Wakulima wengi wa Manyovu, mkoani Kigoma, huchanganya kahawa na migomba. Kivuli cha mgomba huupunguzia mbuni ukali wa jua, lakini mgomba nao unakunywa maji. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, je, mbuni unafaidika na kivuli kuliko unavyonyang'anywa maji? Hoja zipo pande zote mbili, na kubishana hakutazimaliza. Inabidi kupima.

Upimaji huu si mgeni nchini. F. J. Nutman, mtafiti wa kituo cha Amani huko Usambara, alichapisha mwaka 1937 matokeo ya kazi yake juu ya majani ya mbuni. Aliona kwamba jua likiwa kali stomata, yaani vile vitundu vidogo vya chini ya jani, hujifunga, na usanisinuru ukashuka wakati ule ule ambao mwanga umejaa tele. Mwaka 1941 akatoa vipimo vya maji yanayopotea kutoka mti mzima. Wanafunzi wetu wangepaswa kulijua jina hili, kwani sehemu ya fiziolojia ya kahawa imejengwa juu ya kazi iliyofanyika Tanganyika.

Siku hizi kazi ya Nutman hufanywa kwa kichanganuzi cha gesi cha kubebeka. Jani hubanwa ndani ya kijisanduku, hewa hupitishwa, na miali ya infraredi hupima hewa ukaa iliyoingia na iliyotoka. Dakika chache tu, jibu limeshapatikana. Ni chombo kizuri mno, na bei yake hupita shilingi milioni 100. Kinadai betri nzima, kemikali za kukaushia hewa zinazobadilishwa mara kwa mara, na kurekebishwa kwa gesi yenye kiwango kinachojulikana. Kikiharibika hurudishwa kwa mtengenezaji, ng'ambo. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinaweza kukihitaji. Kukiweka Manyovu kwa kudumu, kwa maoni yangu, ni kukihukumu kifo.

Kinachonivutia zaidi ni chombo cha presha kilichopata umaarufu mwaka 1965, Per Scholander na wenzake walipoonyesha matumizi yake. Unakata jani, unalifungia ndani ya chemba ya chuma, kikonyo kikichomoza nje kupitia mpira. Unaongeza presha ya gesi polepole hadi tone la maji litokeze kwenye mkato, kisha unasoma geji. Mti wenye kiu huyavuta maji yake kwa nguvu, kwa hiyo presha inayohitajika kuyasukuma nje ni kubwa. (Scholander alipotaka matawi ya vileleni mwa miti mirefu aliyaangusha kwa risasi. Kwa mbuni hatuna haja ya kufika huko.) Kipimo cha alfajiri, kabla jua halijachomoza, ndicho chenye thamani kubwa: usiku kucha mti umekaribia kulingana na udongo, basi jani linakueleza hali ya maji mizizini. Linganisha alfajiri na saa saba mchana, mbuni wa kivulini na wa juani, na swali letu limeanza kujibiwa. Kikwazo ni mitungi ya naitrojeni, lakini ipo aina inayojazwa kwa pampu ya mkono hadi bar 20 hivi. Hiyo haidai umeme wala gesi ya kuagiza. Asiyeijua kazi yake asiiguse. Presha ya namna hiyo hujeruhi.

Ipo njia rahisi kuliko hiyo. Katika miaka ya 1960, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, Kenya, T. M. Wormer alichunguza stomata za mbuni na jinsi zinavyoathiriwa na unyevu wa udongo na hali ya hewa. Njia iliyotumika sana kwa kazi kama hiyo ni matone: isopropanoli, aina ya spiriti, huchanganywa na maji kwa viwango vinavyopanda, na kila mchanganyiko hudondoshwa chini ya jani. Stomata zikiwa wazi, hata mchanganyiko hafifu huzama na kuacha doa jeusi. Zikiwa zimefunga, hata ule mkali unaweza kubaki juu. Mwalimu wa biolojia anaweza kuifanya kazi hii na wanafunzi wake.

Mizani na oveni navyo visidharauliwe. Pima jani bichi, lizamishe majini mpaka lishibe, pima tena, likaushe kwa nyuzi 70 kwa siku mbili, pima mara ya mwisho. Tarakimu hizo tatu zinakupa kiasi cha maji kilichokuwemo kwa asilimia ya kile ambacho jani lingeweza kubeba. Mizani lakini ihakikiwe. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina maabara ya ugezi, yaani sayansi ya vipimo, kwa kazi hiyo.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo kidogo Mwayaya, wilayani Buhigwe, hivyo hatuanzi bila mwenyeji. Kinachopungua ni kumbukumbu za mvua za vijiji vyenyewe. Vipimo vya Kigoma mjini, kando ya ziwa, haviwezi kusimama badala ya vilima vya huku. Kwa hiyo ninaziomba shule za sekondari na AMCOS za kahawa, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zisimike kipimamvua mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, daftari litunzwe na nakala ipelekwe Mwayaya kila mwezi. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe tupu.

Itaendelea.